Mpini wa Watu Wawili

Katika Minecraft mtu anaweza kusafiri kwa mashua, farasi, punda, nguruwe, hata kwa mabawa. Lakini akiwa juu ya reli hana kazi. Anapanda kigari, anakaa, dunia inampita. Nataka kupendekeza kigari kipya cha reli kinachokwenda kwa nguvu za mikono ya mchezaji. Na kwa kuwa hapa tumezoea kusoma vitabu, niombe mnivumilie: leo nausoma mchezo, na nausoma kama ninavyosoma riwaya, kwa kuuliza nani anafanya kazi na nani amekaa.

Kwa asiyeujua, Minecraft ni mchezo wa kompyuta usio na hadithi ya kufuata. Unaachwa kwenye dunia ya bloku, kila moja mita moja kwa mita moja, unachimba, unalima, unajenga utakacho. Markus Persson wa Uswidi aliuanza mwaka 2009, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Reli zimo tangu 2010. Mwaka 2011 zikaongezwa reli za dhahabu, ambazo zikipata nguvu ya redstone, yale madini mekundu ya mchezoni, hukirusha kigari mbele. Kikishika kasi kinafika bloku 8 kwa sekunde. Mtu akitembea kwa miguu anapata 4 na kitu tu, akikimbia 5 na nusu.

Mimi niko Mombasa, mpwa wangu yuko Kisumu. Ana miaka kumi na mitatu. Jumamosi usiku tunacheza kwenye dunia moja, mama yake akiruhusu na bando likitosha. Nyumba yake ameijenga mlimani, yangu iko ufukweni. Hata kwenye mchezo nimeshindwa kuihama pwani. Tukaamua kuziunganisha kwa reli. Chuma hakikutusumbua, maana vipande 6 vya chuma na kijiti kimoja vinatoa reli 16. Dhahabu ndiyo ilitukalisha kitako. Reli 6 za kusukuma zinakula vipande 6 vya dhahabu, na njia yetu ni ya kupanda na kushuka, kwa hiyo zinatakiwa nyingi. Wiki tatu tukawa mashimoni, kila mtu na shimo lake, hatuonani. Reli ya kutukutanisha ndiyo iliyotutenganisha.

Sasa tazama mashua. Mbao 5 tu, unayo. Unapiga makasia mwenyewe na nafasi ya mwenzako ipo. Tangu mwaka 2016 makasia yenyewe yanaonekana yakikata maji. Maskini wa mchezo, ambaye ndiyo kwanza ameamka kwenye dunia mpya, anaweza kuvuka bahari. Kwa nini nchi kavu asipate kitu kama hicho? Kweli, ukiwa ndani ya kigari cha kawaida unaweza kukijongeza kidogo, lakini huo ni mwendo wa konokono. Tunaujua, tumeujaribu.

Kigari ninachokitaka kilikuwepo duniani. Katikati kina mpini unaobembea juu na chini kama bembea ya ubao ya watoto. Watu wanasimama wakitazamana; huyu akishusha, yule anapanda, na ule mwendo unazungusha ekseli. Mafundi wa reli wa Marekani walikitumia kukagua njia. Buster Keaton anakipanda katika filamu yake *The General* ya mwaka 1926, akiikimbiza treni iliyoibwa, na kisa hicho kilitokana na tukio la kweli: mwaka 1862, wakati wa vita vya Marekani, kondakta William Fuller aliifukuza treni yake iliyotekwa, kwanza kwa miguu, kisha kwa kigari cha mkono, ndipo akapata injini.

Basi pendekezo langu ni hili. Chukua kigari cha kawaida, ongeza vijiti viwili na kipande kimoja cha chuma. Mtu mmoja akisukuma peke yake aende bloku 5 kwa sekunde, karibu sawa na kukimbia. Wakiwa wawili, na wakibonyeza kwa zamu bila kugongana, wafike 7. Wasiifikie dhahabu, maana waliochimba dhahabu nao wana haki yao. Mafuta yake yawe chakula: yale mapaja kumi ya kuku yanayoonyesha shibe yapungue kadiri unavyosukuma, na mlimani yapungue zaidi. Atakayesafiri mbali abebe mkate. Wakikosea mapigo, kigari kisuesue. Waliowahi kuvuta kitu kizito pamoja wanajua maana ya wito wa harambee: sauti ndiyo inayofanya mikono mingi iwe mkono mmoja.

Mpwa wangu alilisikia pendekezo hili akacheka. "Mjomba, watu wanacheza ili wapumzike, wewe unawaletea kazi?" Nikamuuliza kuchimba dhahabu wiki tatu ni mapumziko gani. Akanyamaza kidogo, kisha akaja na lake: "Haya, basi weka kiti cha tatu pale mbele. Mmoja akae, wawili wasukume."

Hapo ndipo mchezo ulipoacha kuwa mchezo kwangu.

Sisi wawili tunaishi kwenye ncha mbili za reli moja. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hiyo mpwa wangu ameisoma shuleni. Ambayo hakuwa ameisikia ni habari ya reli nyingine, nyembamba, iliyokuwa humu humu kisiwani Mombasa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ilipita mitaani kutoka mjini hadi Kilindini, na matawi yake yaliingia hadi milangoni kwa wakubwa. Juu yake yalikwenda matoroli yenye kiti na kipaa cha kukinga jua. Hayakuwa na injini wala farasi. Yalisukumwa na watu.

Picha zake zipo. Nilimtumia moja. Kwenye kiti amekaa Mzungu kavaa nguo nyeupe na kofia. Nyuma yake wamesimama Waafrika wawili, mikono kwenye toroli. Mara nyingi jina la aliyekaa ndilo linalobaki chini ya picha za namna hii. Wale wa nyuma huitwa "wasukumaji", basi. Magari ya petroli yalipoenea, matoroli yakaondoka, lakini kazi haikuondoka nayo: hamali wa mkokoteni bado anapita Marikiti na magunia yake, na anayempigia honi ni mtu aliyekaa.

Kwa hiyo kiti cha tatu nimekikataa. Kigari changu kina nafasi mbili na mpini mmoja, na kila aliyemo anausukuma. Ukiuacha mpini mwenzako akiwa anasukuma, kigari kizito kirudi kwenye mwendo wa chini ya mtu mmoja, ili uvivu wako uonekane. Na sharti la pili ni zito zaidi: wanakijiji, wale watu wanaoendeshwa na kompyuta, wasiweze kuushika mpini kabisa. Wachezaji nawajua. Tayari wanawafungia wanakijiji kwenye vigari na kuwahamisha kama mizigo ili wafanye nao biashara. Tukiwapa mpini, kabla ya wiki kwisha kutakuwa na njia ndefu inayosukumwa na watu wasioweza kusema hapana, nasi tumekaa mbele chini ya kipaa.

Mtu ataniambia hao si watu, ni picha tu. Sawa. Hata wahusika wa riwaya ni wino tu, na bado tunamuuliza mwandishi amewafanyia nini. Sheria ya mchezo nayo ina mwandishi. Inamwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu lipi ni la kawaida, na inamwambia mara elfu kwa vidole vyake mwenyewe, kwa namna ambayo somo langu la historia haliwezi.

Mpwa wangu hajakubali yote. Anasema kiti cha tatu kinaweza kuwa cha mgonjwa, au cha bibi. Hoja hiyo bado inanisumbua, maana ni nzuri. Nimemwambia aliandike pendekezo lake mwenyewe, aeleze bibi atajulikanaje na mfalme atazuiwaje. Tangu Jumamosi iliyopita analiandika. Dhahabu bado haijatosha.