Mwendo wa Mota

Tangu nilipotoka shuleni nikashika ufundi wa umeme, hakuna swali niulizwalo mara nyingi kuliko hili: "Fundi, waweza kuiongezea mota yangu mwendo?" Si swali dogo. Mota ni mali ya gharama, na ikiungua, nyumba ya mwenyewe hulala njaa.

Mzee mmoja wa Kasenyi, mwenye mashine ya kusaga mahindi na muhogo, aliniita kwa sababu hiyo. Akina mama walikuwa wamechoka kungoja, wakahamia kwa jirani. Mzee alikuwa amekwisha nunua puli kubwa, akataka niifunge siku ile ile. Nikamwambia, "Mzee wangu, kwanza tupige hesabu."

Mota ya namna hii haiendi kwa kupenda kwake. Umeme wetu, uwe umetoka Jinja au Bugoye kwenye mto Mubuku, hupiga mawimbi 50 kila sekunde, yaani 3,000 kwa dakika. Mota yenye jozi mbili za ncha za sumaku huigawanya hesabu hiyo kwa mbili. Nguvu ya sumaku huzunguka mara 1,500. Rota huifuata kwa nyuma lakini haiifikii, maana ikiifikia, umeme hautaamshwa tena ndani yake, nayo itakosa nguvu. Ndiyo sababu kibao cha mota ile kilionyesha 1,440. Kuzidisha volti huongeza joto kuliko mwendo.

Njia za kweli ni tatu: kununua mota yenye jozi moja tu, iendayo karibu na 3,000, kufunga chombo cha kubadili mawimbi ya umeme, au kubadili puli. Puli ya mota ilikuwa na upana wa sentimita 20, na ya mashine 10, hivyo mashine ilipaswa kuzunguka mara 2,880. Puli mpya ilikuwa ya 25. Ingeifikisha 3,600, yaani robo zaidi. Lakini nguvu ya kusukuma upepo ndani ya mashine hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo: ukiongeza mwendo robo, nguvu hiyo hukaribia maradufu. Na mota ilikwisha kuvuta ampea 14, hali kibao kiliruhusu 15. Nafasi ya kuongeza iko wapi?

Nikaweka kipima mwendo kwenye mashine yenyewe. Kikasoma 2,500! Mizunguko 380 ilikuwa ikipotea njiani. Tulizima umeme, tukafungua. Mkanda umelegea unateleza, chekeche limeziba, nyundo zimelika upande mmoja. Tukakaza mkanda, tukasafisha chekeche, tukageuza nyundo. Mashine ikafika 2,850, na ampea hazikupita 15. Debe lililochukua dakika kumi likasagwa kwa sita. Mzee akacheka, akasema, "Kumbe mwendo nilikuwa nao, mwanangu!" Puli kubwa akairudisha dukani.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ninyi mlio madarasani, msidharau kuzidisha na kugawanya. Atakapokuja mtu na fedha zake mkononi akitaka mwendo zaidi, pimeni kwanza ule alio nao.