BWERANYANGE: NG'OMBE WA CHUMA HAWAKUFA

Leo twende Bweranyange, hapa hapa Karagwe. Kama unakaa Kyerwa, usiseme habari hii si yako. Hadi mwaka 2012 Kyerwa na Karagwe zilikuwa wilaya moja.

Ukifika utaona vilima, migomba, kahawa na maharage. Utadhani ni kijiji kama chako. Lakini hapa palikuwa ikulu ya Abakama wa Karagwe, wafalme wa ukoo wa Bahinda. Wazee husimulia kuwa kabla yao alitawala Nono. Kisha akaja Ruhinda, akautwaa utawala.

NYUMBA YA VITU VITAKATIFU

Ikulu ilikuwa pia mahali pa ibada. Mwezi ulipoandama, ngoma zilipigwa na wakuu wakaja kumpa Omukama heshima. Katika nyumba ya hazina vilitunzwa vitu vya chuma: nyundo, fuawe, mikuki, na ng'ombe wadogo wenye pembe ndefu.

Kwa nini nyundo kwa mfalme? Kwa sababu mhunzi ndiye anayetoa jembe na mkuki. Jembe linalisha, mkuki unalinda.

WAGENI WANAFIKA

Novemba 1861 walifika Waingereza wawili, John Speke na James Grant. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Omukama Rumanyika aliwapokea vizuri. Speke aliondoka Januari 1862. Grant alikuwa mgonjwa wa mguu, akabaki kwa mwenyeji wake miezi kadhaa. Mwaka 1876 alifika Henry Stanley. Yeye aliiona nyumba ya hazina, akaandika habari zake.

Miaka ya 1890 ikaja sotoka. Ng'ombe wengi walikufa. Wewe mkulima unajua: kibanja kisichopata samadi hudhoofu. Ng'ombe wa zizini walikufa, wale wa chuma wakabaki. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imekwisha duniani.

KOSA LANGU

Nilipokuwa bwana shamba kijana, mkulima mmoja alinionyesha mawe meusi, mazito, katika shamba lake. Palikuwa pia na mti mkubwa, wa aina ambayo magome yake yalitengenezwa nguo zamani. Nilimwambia, "Tupa mawe bondeni. Kata mti, unaleta kivuli." Akafanya hivyo.

Baadaye mzee mmoja aliniita. Akasema, "Mwanangu, yale si mawe. Ni mavi ya chuma. Babu zetu waliyeyusha chuma pale. Na ule mti ulikuwa alama ya boma lao." Niliona aibu. Cheti changu cha kilimo hakikunifundisha kuuliza wazee kwanza.

KALAMU UNAYO

Ndugu msomaji, mengi ya ikulu ile tunayasoma leo kwa sababu wageni waliyaandika. Wenyeji walijua zaidi, lakini hawakuwa na kalamu. Baadaye Israel Katoke alikusanya historia ya Karagwe, na kitabu chake kikatoka mwaka 1975. Lakini kila kilima kina habari yake, na kitabu kimoja hakiwezi kubeba zote.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Ukilima ukakuta mavi ya chuma au vigae vya zamani, usivitupe. Iarifu serikali ya kijiji. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964.

2. Kabla ya kukata mti mkongwe, waulize wazee ulipandwa na nani, na kwa nini.

3. Chukua daftari. Andika anayosimulia bibi au babu yako. Weka tarehe na jina lake.

Mzee yule aliyeniita amekwisha kufariki. Sikuandika hata neno lake moja siku ile. Wewe usingoje.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini nyundo ilikuwa alama ya mfalme?
2. Katika kijiji chenu kuna mti au kilima chenye historia? Nani anaijua?
3. Mtaihifadhi namna gani?