Kilichokosekana ni Chuma

Semista iliyopita nilikula msuli wa somo la bahari mpaka madesa yakachanika, lakini kwenye testi ya kwanza swali moja likanipa sifuri. Kwa nini kuna bahari yenye mbolea tele mwaka mzima lakini haichanui? Nikajibu kwa kujiamini kabisa: baridi.

Wiki hiyohiyo, pale kwenye vimbweta, nilimwambia dada mmoja wa kundi letu la diskasheni kwamba ni mvivu na jina lake sitaliweka kwenye kazi. Nilikuwa kiongozi wa kundi. Yeye ada imelipwa, boom linaingia, chumba anacho, lakini kila siku anaomba madesa ya watu. Akajibu polepole, "Kaka, mimi ubao siuoni." Nikaona ni kisingizio tu.

Baada ya wiki mbili mwalimu akarudisha testi na kutusahihishia. Kwa mliosoma mambo mengine, ni hivi. Katika bahari za kaskazini ya mbali, jirani na Aktiki, karibu chakula chote huanzia kwa fitoplanktoni, yaani vijimea vidogo mno vinavyoelea kwenye maji. Vinataka mwanga, na vinataka mbolea kama naitreti, fosfeti na silika. Mwanga uko juu, mbolea nyingi iko chini gizani. Kwenye Atlantiki ya Kaskazini, dhoruba na baridi kali huchanganya maji hadi kina cha mamia ya mita, mbolea ikapanda. Tatizo ni kwamba vijimea navyo huburutwa gizani. Mwaka 1953 Mnorwe Harald Sverdrup alieleza kwamba jua likishapasha maji ya juu yakatulia, vijimea hubaki kwenye mwanga, na bahari ikachanua. Leo wapo wanaobishana naye kuhusu ukuaji unaanza lini hasa, lakini mbolea kupandishwa na msukosuko huo hakuna anayekataa.

Sasa nenda Pasifiki ya Kaskazini, Ghuba ya Alaska, kwenye kituo kiitwacho Station Papa. Kiangazi mwanga upo na naitreti ipo, lakini haimalizwi. Mwaka 1988 John Martin na Steve Fitzwater wakachapisha jibu: kinachokosekana ni chuma. Waliongeza chuma kidogo kwenye chupa za maji ya huko, vijimea vikaongezeka. Bila chuma, kijimea hakitengenezi klorofili ya kutosha, na hata naitreti iliyo mbele yake kinashindwa kuitumia vizuri. Kiasi chenyewe ni cha sehemu za bilioni za gramu kwa lita. Zamani wengi walikosea kukipima kwa sababu meli na vifaa vyao ni vya chuma, vikachafua sampuli. Yaani mpimaji alikuwa anapima kutu yake mwenyewe.

Hapo nikamkumbuka yule dada. Kila kitu tele, miwani hakuna. Na mimi kipimo changu kilikuwa kiburi changu.

Nikamtafuta. Wenzake wa chumbani wakaniambia ameahirisha mwaka, amerudi kwao. Nilimwandikia kuomba msamaha. Akajibu maneno mawili: "Nimekusikia, kaka." Sikustahili zaidi ya hayo.

Nisidanganye kwamba miwani ingemaliza yote. Mwaka 2002 watafiti walimwaga chuma baharini karibu na Station Papa. Vijimea vikachanua mpaka satelaiti ikaona, lakini baada ya wiki chache silika ikapungua, chuma nacho kikaisha, uchanuaji ukafifia. Ukitatua upungufu mmoja, wa pili hujitokeza. Kwa hiyo kuuliza mara moja hakutoshi.

Mwakani anarudi, hivyo nimeambiwa. Mimi bado ni kiongozi wa kundi, na siku hizi kabla ya kugawa kazi nazunguka kwa kila mtu namuuliza pembeni: umepungukiwa na nini? Wengi hucheka tu. Juzi mmoja hakucheka. Alisema hajala tangu jana.