Kijana Aliyejiundia Kompyuta

Watu wengi waionapo kompyuta ya mezani hudhani ni kitu kimoja, kama mtungi. Sivyo. Ndani ya kasha lake mna vitu vingi vilivyotengenezwa mbalimbali, navyo huweza kuunganishwa na mtu mmoja mwenye bisibisi na subira. Habari hii ni ya kijana wa Kilosa aliyeunda yake kwa mikono yake mwenyewe, naye hakuwa amepata kuifanya kazi hiyo kabla.

Kijana huyo aliajiriwa katika duka la kuchapa barua, na kila jioni aliiacha kompyuta ya tajiri wake akaenda zake mikono mitupu. Akatamani sana kuwa na yake. Hata mama yake alipouza ufuta, akamwita akamwambia, "Mwanangu, fedha hizi ni jasho la msimu mzima. Nakupa nusu. Lakini usiniletee sanduku la taa!" Maana alikuwa ameona makasha ya kioo yenye taa za rangi rangi, yanayometameta kama nyumba ya harusi.

Neno lile lilikuwa na maana kuliko alivyojua mama mwenyewe. Umeme wa nyumbani huingia kwa nguvu ya volti 230, bali vyombo vya ndani ya kompyuta hutumia volti 12, 5 na 3.3, na vingine chini ya hapo. Kifaa kiitwacho pawa saplai ndicho kiupunguzacho umeme huo, nacho kikiwa kibovu chaweza kuviunguza vingine vyote. Basi mwenye fedha chache heri anunue kasha lisilopendeza na pawa saplai nzuri. Wauzaji wengi hawasemi hivyo, kwa kuwa kasha ndilo lionekanalo.

Kijana akaandika orodha yake, akaipima tena na tena. Prosesa, yaani chombo kifanyacho hesabu zote, lazima ilingane na tundu lake katika ubao mkuu. Ya Intel haiingii katika ubao wa AMD. Hali kadhalika ramu, ambayo hushika kazi iliyo mkononi kwa wakati ule: ya DDR4 haikubali nafasi ya DDR5, hata ukiisukuma kwa nguvu. Vitu vikanunuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, vikapakiwa katika basi la Iringa, ambalo hupita Mikumi. Huko alikaa mjomba wake, fundi wa redio.

Mjomba akafagia meza, akaketi kando. "Mikono ni yako," akasema. "Mimi nitatazama."

Kabla ya kugusa cho chote, kijana alishika kwanza chuma kitupu cha kasha, kwa sababu mwili wa mtu huweza kuchukua umeme mdogo asiouhisi, nao unatosha kuharibu vyombo hivi. Akaitazama prosesa, pembeni pana alama ndogo ya pembetatu, na katika tundu ipo nyingine. Akazilinganisha, akaiweka bila kuikandamiza. Juu yake akatia dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya choroko, kisha akafunga feni. Akatia ramu, akatia diski, akaunganisha nyaya. Jua likawa limekwisha kuinama.

Akawasha. Feni zikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi.

Akangoja. Hapana kitu. Kijana aliona kama ufuta wa mama yake unazunguka pale bure na kutoa upepo. Akachukua bisibisi ili afungue kila kitu.

"Weka chini hiyo," akasema mjomba. "Zima, chomoa waya. Kisha anza na lile lililo rahisi kuliko yote."

Akatazama polepole. Ramu ilikuwa imeinuka upande mmoja, kiasi cha unene wa ukucha. Akaisukuma, ikalia ta! Akawasha tena, na maandishi meupe yakatokea juu ya kioo. Mjomba hakusema neno. Aliinuka akaenda kuchemsha chai.

Usiku ule akatia Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta utolewao bure. Programu ya kuandikia iliyomo humo ni ndugu wa ile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice.

Asubuhi akaifunga kwa kanga, akaipakata ndani ya gari hadi Kilosa. Njia hiyo hupita mahali paitwapo Ulaya, na abiria wakacheka wakisema kwamba sasa kompyuta yake imetoka Ulaya kweli.

Mama akataka aonyeshwe ndani. "Ufuta wangu uko wapi?" akauliza. Kijana akamwonyesha pale chini ya feni, akamwambia kwamba prosesa ni pana kama kifuniko cha chupa tu.

"Gunia zima hilo," akasema mama, akainama aone vizuri.