Kutoka Kitale hadi Dirishani Petu

Msafiri wa Pwani afikapo Kitale hupokewa na baridi ya Mlima Elgon. Huu ni mji wa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa mwaka 1956. Nilitaka mbegu za kuotesha jikoni, lakini mwenye duka alinizuia: nyingi hupakwa dawa na rangi. Hizo ni za shamba. Chipukizi zake changa si za kuliwa.

Nikateremka Bungoma. Sokoni mama mmoja alinipimia giligilani kavu ya chakula. “Ipasue, mwanangu, uiloweke usiku kucha, kisha uifukie kidogo kwenye udongo,” akaniusia.

Leo dirishani petu Mombasa kotmiri imechipua. Shamba hatuna; ila watoto huchuma wenyewe, na shomoro hupata fungu lake. Nalo ni sadaka, inshallah.