Darasa Kando ya Mafiga Kakamega

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi ukijaliwa kufika Kakamega, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Kisumu, usiishie kula hotelini. Kama una mwenyeji kijijini, mwombe akupeleke kwa nyanya yake ujifunze kupika. Beba sukari na majani ya chai, piga hodi, useme "Mulembe." Huko nyanya huitwa kukhu. Usimchanganye na kuku wa mchuzi, ambaye kwa Kiluhya ni ingokho!

Somo la kwanza ni musherekha, chumvi ya kienyeji. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa hadi yawe majivu. Majivu hutiwa katika chombo chenye matundu madogo chini, kisha humwagiwa maji kidogo kidogo. Maji ya rangi ya chai yanayochuruzika ndiyo musherekha, nayo hulainisha mrenda na majani ya kunde upesi. Lakini usiyatie kwa pupa, maana yakizidi mboga huwa na ladha ya sabuni. Wala usitafute kijiko cha kupimia. Kukhu hupima kwa jicho.

Somo la pili ni obusuma, yaani ugali, wa mahindi au wa wimbi uliochanganywa na muhogo. Utakabidhiwa mwiko usonge hadi mkono uume. Wakikucheka, cheka nao.

Kisha huja ingokho. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Hapo muulize kukhu habari za zamani. Atakueleza kwamba mila iliwakataza wanawake kula kuku: mama alimnyonyoa, akampika, akamwandaa, wala hakuonja. Siku hizi nyumba nyingi zimeuvunja mwiko huo, na mwiko uliobaki mkononi mwa mama ni ule wa kusongea ugali tu.

Mila ile ilistahili kufa. Musherekha haistahili. Lakini watoto wetu wa mjini wanajua magadi ya dukani tu.

Kwa hiyo, msomaji, likizo ijayo usiende peke yako. Wachukue watoto, wavulana kwa wasichana, wakakae kando ya mafiga wapate moshi kidogo machoni. Magadi yatakuwako dukani hata mwakani. Kukhu hatuna hakika naye.