Mkia Darasani, Mganga Nyumbani

Je, mtoto anayeshika mkia darasani ni mjinga? Kabla hujajibu, msomaji, sikia habari za Robert Sternberg wa Marekani, aliyezaliwa 1949. Utotoni, mitihani ya kupima akili ilimtia hofu hata akaambulia alama duni. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, saikolojia ilimpa C. Baadaye akawa profesa wa somo lilo hilo, palepale Yale!

Vyeo navyo havikumpita. Alikuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Tufts, kisha Julai 2013 akawa rais wa Chuo Kikuu cha Wyoming, kiti alichokikalia miezi minne na ushei tu akajiuzulu.

Lakini kilichonivuta mimi ni utafiti wake hapa Kenya. Yeye na wenzake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wa kijiji kimoja karibu na Kisumu ujuzi wa dawa za miti shamba. Matokeo yalichapishwa 2001: waliozijua zaidi dawa hizo, kwa jumla, walipata alama za chini katika mtihani wa msamiati. Watafiti walieleza kuwa familia nyingine ziliona ujuzi wa kijijini una faida kuliko wa darasani.

Kwetu Wusi, katika milima ya Taita, nina mpwa wa namna hiyo. Ripoti ya shule humliza mamake. Nyanyake naye akishikwa na tumbo hamwiti mwingine amchumie majani. Sasa dada ataka nimchukue Nairobi akasome tuisheni. Nimekubali, ila likizo zote arudi kwa nyanyake.